Twiga Niliyemnywesha Maji

Mto wetu ni mchanga. Miezi tisa au kumi ya mwaka unauvuka na viatu vyako vinabaki vikavu, na mgeni anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni barabara pana iliyotelekezwa. Maji yapo, ila yamejificha. Ukichimba kwa mkono hadi kiwiko, shimo linaanza kutoa jasho, ukisubiri kidogo linakusanya kata moja, ukiteka linakusanya nyingine. Maji hayo yana chumvi. Kwetu kila sufuria ya chai ina ukoko mweupe ndani, na wageni wakiuona hukunja pua wakifikiri ni uchafu. Sisi wenyewe huukwangua kwa kijiko mara moja kwa wiki, tukasahau.

Nimeuweka ukoko huo mwanzoni kwa sababu habari yangu yote imo ndani yake.

Ng'ambo ya mto, baada ya mashamba ya uwele na makaburi ya ukoo wa mama yangu, kuna kilima cha mawe. Ubavuni mwake kuna mwamba ulioinama mbele kama paji la uso la mtu anayewaza, na chini ya paji hilo kuna picha nyekundu zilizochorwa na watu ambao hakuna anayejua majina yao. Kuna watu wembamba kama mabua, vichwa vyao vya duara. Kuna nyati asiye na miguu. Na kulikuwa na twiga. Twiga ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, shingo yake ikipanda hadi pale jiwe linapopinda, na madoa yake ungeweza kuyagusa moja moja kwa macho.

Mwaka huu, kiangazi kikiwa kinaelekea mwisho, nilikuwa bwawani Mtera nikikausha samaki aina ya perege juu ya chanja, kazi niliyoifanya kwa misimu mitatu. Simu ikaita. Alikuwa dada yangu, binti wa mjomba, ambaye tulilelewa naye nyumba moja.

"Baba anakuulizia," alisema. "Chakula hali. Uji anaulamba tu kama paka."

"Anaumwa nini?"

"Uzee. Anasema uje kabla mvua hazijaanza. Anasema wewe unajua."

"Najua nini?"

"Nyie wawili ndio mnaojua mnachojua. Mimi nakupa salamu zako." Akakata.

Nilijua. Kwa miaka ishirini na kitu nilikuwa na neno moja la kumsemea mjomba mbele za watu, na sikuwa nimelisema. Yeye aliishi miaka yote hiyo chini ya uzito wa neno hilo, na sasa alikuwa anakaribia kufa nalo. Niligeuza perege upande wa pili, nikamkabidhi jirani chanja, nikafunga begi.

*

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi kwa mjomba kusubiri matokeo, nikabaki. Baba yangu alikuwa mtu wa Gulwe, kule reli inakopita, na tangu mama alipofariki nilikulia zaidi kwa kaka yake kuliko kwa baba. Lugha ya watu wa mama ina vidoko, ulimi unalia kwenye kaakaa kama kuni kavu motoni, na mpaka leo nikiwa na hasira ndiyo inayonitoka kwanza.

Wakati huo wageni walikuwa wameanza kuja kuona michoro. Walikuja na magari yao, wakamtafuta mtu wa kuwaonyesha njia. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha darasani, basi nikawa mwenye njia. Kwa misimu miwili niliwapandisha kilimani, nikawaambia niliyoyajua na mengi nisiyoyajua.

Tatizo lilikuwa jua. Saa sita mchana mwamba ulikuwa unang'aa na picha zinafifia, mgeni anakunja macho, anauliza, "Yuko wapi?" Siku moja, sijui nilipata wapi wazo hilo, nilifungua chupa yangu ya maji nikarushia jiwe kidogo. Twiga akatokea. Nasema akatokea, kama mtu anayetoka mlangoni. Wekundu wake ulikolea, madoa yakajitenga, hata jicho likaonekana. Wageni walipiga makofi. Mama mmoja mtu mzima alishika kifua.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sherehe yangu. Tukifika pale nilikuwa nasimama, nanyamaza kidogo, halafu nasema, "Sasa tumnyweshe twiga." Wanacheka. Ninarusha. Wanapiga picha. Chupa niliijaza mtoni asubuhi, kwenye kisima cha mchanga, maji yaleyale yanayoweka ukoko kwenye sufuria ya chai. Niliukwangua ukoko ule kwa mkono wangu kila Jumapili, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Nimelifikiria hilo sana. Mtu wa kutoka mbali angeweza kujitetea kwamba hakujua maji yetu yalivyo. Mimi nilikuwa nimeyanywa tangu utotoni.

Na kulikuwa na sababu nyingine ya kutofanya hivyo. Mjomba alikuwa ndiye mwenye kibuyu. Kila mwaka kabla ya mvua, wazee wa ukoo walipanda kilimani na pombe ya asali na unga wa uwele, na mwenye kibuyu ndiye pekee aliyeruhusiwa kufika pale na maji. Aliyatia mdomoni, akageuka, akaupa mwamba mgongo, akayapuliza kuelekea mtoni. Mwamba wenyewe haukuguswa na hata tone. Mjomba aliwahi kunieleza nikiwa mdogo: "Maji yanatoka kwake. Ukimpelekea maji ni kama kumpelekea mama mkwe chakula alichopika yeye, ukasema umempikia." Nilicheka. Niliukumbuka mfano, nikasahau mwiko.

Msimu wa pili, doa jeupe lilianza kwenye miguu ya twiga. Nikadhani ni vumbi. Nikaongeza maji.

*

Mwaka ule mvua hazikuja. Uwele uliota ukafikia kifundo cha mguu, ukakauka. Wazee walipanda kilimani kwa mara ya pili, jambo ambalo halifanywi ila kwa shida kubwa, na walipofika walimkuta twiga mweupe kutoka kwato hadi kifuani, kama amepakwa unga. Shingo peke yake ndiyo iliyokuwa inaonekana, ikielea.

Mkutano ulifanyika jioni hiyo hiyo, uwanjani pale penye njia panda. Wanaume walikaa, vijana tukasimama nyuma. Hoja yao ilikuwa fupi. Mwamba umemwagiwa maji. Nani anaruhusiwa kusimama mbele ya mwamba akiwa na maji? Mmoja. Basi ndiye. Alikuwa ameifunga mvua, na kwa nini ameifunga ndilo swali lililobaki, na kila mtu alikuwa na jibu lake: wivu, mgogoro wa shamba, maneno aliyoambiwa kwenye harusi fulani. Hakuna aliyewaza juu ya wale wageni. Wageni walikuwa watu wa kupita, na mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ileile, niliyefundishwa mwiko na mwenye kibuyu mwenyewe.

Mjomba hakujitetea sana. Alisema, "Sikumwaga." Halafu akasema, "Kama kuna mwenye neno, aseme."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya wanaume na chupa ya plastiki mfukoni mwa suruali. Nakumbuka jinsi ilivyokuwa inanibana pajani. Nakumbuka viatu vyangu, raba za bluu alizoniachia mgeni mmoja. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kikohozi.

Mjomba aligeuza kichwa. Alinitazama kwa muda wa mtu kumeza mate mara moja, kisha akarudisha uso wake kwa wazee.

Walimnyang'anya kibuyu, kikaenda nyumba nyingine. Baada ya siku tatu nilimwambia mjomba naenda Gulwe kumsalimia baba. Akasema, "Haya." Aliniambia nichukue karanga za njiani.

Sikurudi kukaa. Gulwe nilipakua mizigo stesheni, nikauza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya treni. Nikaenda Mpwapwa, nikaenda Manyoni, nikashuka Mtera. Kila nilipofika nilisema nakaa msimu mmoja. Kila mahali nilipochemsha chai na kukuta sufuria haina ukoko, nilikumbuka nyumbani, na palipokuwa na ukoko nilihama.

*

Dada alinipokea mlangoni na ufagio mkononi.

"Kumbe bado una miguu," alisema. "Tulidhani imeisha."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Pita. Usikanyage hapo, nimemwaga maji."

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, amejifunika shuka mchana kweupe. Alikuwa amepungua hata mabega yameingia ndani. Nikapiga goti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mjomba."

"Hao wanaoitwa mimi ni wengi." Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa ananijua tangu nilipokuwa barabarani. "Umeleta nini?"

"Samaki."

"Mgeni ndiye huleta samaki. Mtoto wa nyumbani huleta miguu yake." Akanyoosha mkono akaupima mfuko. "Lakini ni wazito. Wape wapike."

Usiku ule alikula. Dada alinitazama kama mtu anayetaka kushukuru lakini hataki kuonekana. Asubuhi mjomba akasema anataka kwenda mwambani.

"Kwa miguu ipi?" dada aliuliza.

"Yake," alisema mjomba, akininyooshea kidole.

Bodaboda ilitufikisha ukingoni mwa mto. Hapo alitaka kushuka na kuvua kandambili. Alitembea mchangani polepole, fimbo ikizama, akisimama kila baada ya hatua chache kana kwamba anasikiliza kwa nyayo. "Hapa yapo karibu," alisema mahali fulani. Nilifukua kwa mkono. Kabla sijafika kiwiko, shimo likatoa jasho. Nikajaza chupa. Alinitazama nikiifunga.

Tulipopita makaburini alinyoosha fimbo. "Nitalala pale, kati ya baba na yule mgomvi. Mama yako yuko upande ule. Mwambie dada yako asinigeuze kichwa." Kutoka hapo nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni za mwisho wa msimu, na mbavu zake zilinigusa kila alipopumua.

*

Chini ya kilima sasa kuna kibanda na uzio wa waya. Mlinzi alikuwa msichana mwenye sare iliyopigwa pasi, mtu wa mikoa ya kusini kwa lafudhi yake, mwenye adabu.

"Shikamooni wazee," alisema, na ilinichukua muda kuelewa kwamba na mimi nimo.

Alifungua daftari la wageni. Mjomba alitaja jina lake.

"Mnatoka wapi, mzee?"

"Andika hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipoweka kiti."

Msichana alicheka kidogo, akaandika jina la kijiji. "Na sababu ya kutembelea?"

"Kuwaona ndugu."

Akaandika: utalii.

Tukapanda, yeye mbele, mimi na mzigo wangu nyuma. Nilimweka mjomba juu ya jiwe laini ambalo, najua, lilikuwa kiti chake enzi za kibuyu. Watu wembamba walikuwepo. Nyati alikuwepo. Penye twiga palikuwa na doa jeupe refu, limepasuka pasuka kama ukoko wa sufuria isiyokwanguliwa kwa mwaka mzima. Chumvi ilikuwa imeendelea kupanda yenyewe hadi shingoni; juu kabisa, pale jiwe linapopinda, zilibaki pembe mbili ndogo na kipande cha sikio.

Sikuwa nimepaona pale tangu mwaka ule. Nilisogea karibu, nikatafuta jicho. Jicho halikuwepo.

Msichana alisimama wima, akaanza maelezo yake. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeyakariri. Alieleza juu ya rangi, juu ya watu wa kale waliowinda. Kisha akageukia lile doa.

"Hapa zamani palikuwa na mchoro wa twiga. Uliharibiwa na wenyeji. Kwenye matambiko yao ya mvua walikuwa wanaumwagia mwamba maji, na kwa kuwa maji ya huku yana chumvi, chumvi ikatoka juu ya jiwe. Ndiyo maana tunaelimisha jamii iachane na mila potofu."

Mjomba alimsikiliza ameinamisha kichwa, kama mgeni mzuri. "Nani alikufundisha, mwanangu?"

"Tulipewa semina, mzee. Imeandikwa hapa." Akamwonyesha karatasi yenye muhuri, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Imeandikwa wenyeji?"

"Ndiyo."

"Haikutaja mtu?"

"Hapana, mzee. Wenyeji tu."

"Afadhali," alisema mjomba. "Zamani walikuwa wananitaja."

Nilikuwa nimepanga kusema jioni, nyumbani, kwa sauti ya chini. Nikasema pale. Nilisema kwamba hakuna mtu wa matambiko aliyewahi kuumwagia mwamba ule maji. Nilisema ni mimi, kijana wa kidato cha nne, kwa misimu miwili, ili wageni wapige makofi. Nilieleza chupa, kisima, saa sita, na yale maneno yangu ya kumnywesha twiga. Nilisema mkutano ulipofanyika nilikuwepo. Nilipomaliza, chupa ilikuwa mkononi mwangu.

Msichana alitutazama kwa zamu. "Sasa baba, unataka nisemeje?"

"Sema ni mwongoza wageni mmoja."

"Wataniuliza ni nani."

"Waambie."

"Siwezi kusema kitu ambacho hakimo kwenye karatasi. Labda uandike barua kwa wakubwa." Alisema kwa huruma ya kweli, na hilo liliniuma zaidi. "Mimi nimeletwa mwaka jana tu."

Nikapiga goti mbele ya mjomba. "Nisamehe."

"Nilijua siku ileile," alisema. "Ulikohoa."

"Mbona hukunitaja?"

"Nimtaje mtoto wa dada yangu mbele ya watu? Halafu mama yako, pale chini, nimpitie vipi?" Alikuwa hana hasira, na nilitamani awe nayo. "Neno lilikuwa lako. Nikasema, leo ameogopa, atasema kesho. Ukaenda Gulwe. Nikasema, atarudi na neno lake. Wakaanza kufa. Aliyechukua kibuyu akafa. Aliyenitukana akafa. Kila tulipotoka kuzika nilikuwa najiambia, haya, sikio moja limepungua. Sasa umesema. Amesikia nani? Mimi niliyekuwa najua, na huyu binti ambaye karatasi yake ina muhuri."

"Niambie nifanye nini."

"Wapo watoto wao. Wanaendelea kusema walichosikia. Wajukuu zangu wakigombana na wenzao shuleni wanaambiwa, nyie ni wa yule mzee aliyefunga mvua. Jumamosi ijayo kuna mkutano wa kijiji, wa kupanga mambo ya kulima. Simama useme. Si kwa ajili yangu. Mimi nakwenda."

"Nitasema."

"Nipe hayo maji."

Nilimpa chupa. Msichana akaruka. "Mzee! Maji hayaruhusiwi! Tafadhali!"

Mjomba alijigeuza polepole juu ya jiwe lake, akaupa mwamba mgongo. Akatia maji mdomoni, akayashikilia, mashavu yake yaliyoingia ndani yakajaa kama ya mtoto. Kisha akayapuliza mbele, kuelekea mtoni. Mengi yalimdondokea kidevuni. Hakuna tone lililofika nyuma yake.

"Hivi," alimwambia msichana akijipangusa. "Ilikuwa hivi."

Msichana alibaki na mkono mmoja hewani. Alilitazama jiwe, akamtazama mzee, akaitazama karatasi yake. "Kwa hiyo hayakuwa yanagusa?" aliuliza.

Nilimpandisha mjomba mgongoni tukashuka.

*

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwenye ule mkutano.

Jumatano nilimwambia dada kwamba nakwenda Gulwe mara moja, kuna vitu vyangu kwa mdogo wangu wa upande wa baba, nitarudi Ijumaa. Dada aliniuliza, "Ijumaa ya mwaka gani?" Mjomba alikuwa amelala. Sikumwamsha.

Vitu vyenyewe vilikuwa godoro na redio. Nilifika, nikakaa. Alhamisi nikatembea relini. Ijumaa asubuhi nilibeba begi mpaka kituoni, basi likaja, konda akasema, "Mzee, panda, siti ipo." Nikasema nasubiri mtu. Hapakuwa na mtu. Jumamosi, saa ambayo mkutano ungekuwa unaanza, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai nikitazama mabehewa, na niliagiza kikombe cha pili kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimepoa. Sikuwa mgonjwa. Hakuna aliyenizuia. Nimetafuta sababu nyingine ya kuiandika hapa na sijaipata.

Dada hakupiga simu kuuliza. Alipiga baada ya wiki tatu. Mvua zilikuwa zimeanza, za nguvu, ambazo watu walisema hawajaziona kwa miaka.

"Tunazika kesho saa saba," alisema. Halafu, kwa sauti ileile, "Alikuwa anauliza mkutano ulikwendaje. Nilimwambia uliahirishwa."

Nilisafiri na basi la alfajiri. Barabara ilikuwa mbovu, tulichelewa. Nilipofika ukingoni mwa mto, mto ulikuwa umefurika. Usiku ilinyesha huko juu, na maji yalikuwa yamejaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mekundu, yamebeba matawi na ndoo ya mtu. Jeneza lilikuwa limevushwa asubuhi kabla maji hayajafika. Ng'ambo, chini ya kilima, niliwaona watu wamesimama kwenye makaburi. Niliona khanga za wanawake. Niliweza kumtambua dada kwa namna anavyosimama, mkono kiunoni. Niliona majembe yakipanda na kushuka, na sauti ya majembe hayo haikunifikia kwa sababu ya ngurumo ya maji.

Pembeni yangu alikuwa amesimama mwanamume na baiskeli, umri wangu au pungufu kidogo, naye amechelewa. Alikuwa ameshika jembe. Tulisalimiana. Tulitazama maji pamoja kwa muda.

"Siku hizi haujai hivi," alisema. "Mimi tangu nimekua sijaona."

"Umejaa kweli."

"Si ajabu." Alitikisa kidevu kuelekea makaburini. "Kuna mzee anazikwa pale, ndiye aliyekuwa ameifunga mvua. Amekufa, imefunguka. Unaona mwenyewe."

Maji yalipita na shina zima la mti, mizizi ikiwa juu.

"Hakuifunga," nilisema. "Yule twiga nilimmwagia maji mimi. Mimi ndiye niliyeharibu, akanyamaza kwa ajili yangu."

Alinigeukia, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani wake?"

"Mpwa wake."

"Aa." Alicheka kwa upole, akanigusa bega kama mtu anayetoa pole. "Basi lazima umtetee. Hata mimi ningekuwa ndugu ningesema hivyo."

Ng'ambo walikuwa wameanza kutawanyika. Alipanda baiskeli yake akarudi alikotoka, kwa kuwa mazishi yalikwisha na jembe lake halikuwa na kazi tena. Mimi nilibaki ukingoni mpaka maji yakaanza kupungua.